Kelele Haipandishi Mlima: Mazungumzo na Wanabodaboda na Mafundi wa Kebirigo

Haya ni mazungumzo ya afisa wa afya ya umma wa kaunti kwa waendeshaji bodaboda, mafundi na wakazi waliokutana kwenye steji ya soko la Kebirigo. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

Asanteni kwa kuzima pikipiki. Nimengoja kama dakika tano hadi injini ya mwisho ikanyamaza, na mmeona wenyewe kwamba hata kipaza sauti hakikunisaidia.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Kabla ya kuajiriwa niliendesha bodaboda miaka mitatu nikitafuta karo ya chuo. Pikipiki yangu ilikuwa Boxer. Wiki ya pili niliipeleka kwa fundi wa kuchomelea, nikamwambia apasue sailensa, atoe vyuma vya ndani, aifunge tena ionekane kama haijaguswa. Nilitaka nisikike kabla sijaonekana, na nilisikika kweli. Leo masikio yangu yanalia usiku kucha kama nyenje, na hakuna nyenje chumbani. Mtoto wangu akininong'oneza jambo namwomba arudie mara mbili, ya tatu anaacha. Kwa hiyo anayezungumza nanyi si mtu aliyetumwa kutoka ofisini kuja kuwagombeza. Ni mwenzenu aliyelipia hiyo sauti na bado anailipia.

Sasa tuiangalie ekzosi yenyewe. Mafundi mtanisahihisha. Pikipiki zetu nyingi zina silinda moja, na injini inalipua mafuta mara moja kila inapozunguka mara mbili. Ukiivuta hadi mizunguko 6,000 kwa dakika, hiyo ni milipuko 50 kila sekunde. Kila mlipuko unatoa moshi wenye joto na shinikizo kubwa, na vali ikifunguka moshi huo unatoka kwa kishindo. Ndani ya sailensa kuna vyumba na mirija yenye matundu. Kishindo kinaingia, kinagonga ukuta, kinarudi, kinakutana na kishindo kingine, vinapunguzana nguvu, na moshi unatoka ukiwa umetulia. Ndugu wawili wa Marekani, Milton na Marshall Reeves, walipata hataza ya kifaa cha namna hiyo mwaka wa 1897. Kumbe hata wakati huo, magari yakiwa bado ya kuhesabika, watu walikuwa wamechoshwa na kelele.

Aliyetengeneza pikipiki yako hakuichukua sailensa dukani na kuibandika tu. Aliipima pamoja na kabureta, jeti, kichungi cha hewa na vali. Ukitoa vyuma vya ndani, moshi unatoka kwa wepesi kuliko ilivyopangwa, na hewa inaingia kwa kipimo kingine, ilhali jeti inatoa petroli ile ile ya zamani. Mchanganyiko unakuwa mwepesi: hewa nyingi, petroli kidogo. Injini inachemka. Fungua plagi uitazame, utaikuta nyeupe badala ya rangi ya udongo. Ukiendelea hivyo na mzigo wa ndizi mlimani, vali ya moshi ndiyo inayoungua kwanza. Na zile "pa! pa! pa!" unapoachilia mafuta, ambazo vijana wanazipenda sana, ni petroli ambayo haikuchomwa ndani ya silinda sasa inachomeka kwenye bomba. Hiyo ni petroli uliyoinunua kwa pesa yako, na haikukusogeza hata hatua moja.

Kuna fundi atakayesema, "Basi tutaweka jeti kubwa." Sawa, joto litapungua, lakini tangi litaisha mapema. Mashindanoni wapo wanaobadilisha ekzosi na kupata nguvu, sikatai. Wao wanabadilisha kila kitu kwa pamoja na wanapima kwa mashine, na pikipiki ile haibebi abiria wala gunia. Hapa kwetu ni msumeno, mashine ya kuchomelea, na sikio. Sikio linadanganya. Likisikia ngurumo linaamini kuna nguvu. Ukitaka kujua, panda mlima ule ule na mzigo ule ule, kwanza na sailensa nzima, halafu na iliyopasuliwa, umpe mwenzako saa ya kupima muda. Mimi nilifanya hivyo nikiwa nimechelewa mno. Mlima haukubadilika hata kidogo.

Nakuja kwenye masikio, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, nyinyi mnaoendesha kuliko hata wanaolalamika. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo, kama 15,000 kila upande, zinazopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele kubwa inavilaza vinyweleo hivyo kama upepo unavyolaza mtama. Vikilazwa kidogo vinainuka tena. Vikilazwa kila siku vinakufa, na kwa binadamu vilivyokufa havioti tena. Kifaa cha kusaidia kusikia kinaongeza sauti tu, hakirudishi kilichokufa.

Wataalamu wa afya kazini wanasema mtu anaweza kukaa kwenye desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila unapoongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu. Desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Ukifika 100 umebakiwa na robo saa. Sasa nawauliza: nani hapa hufanya kazi robo saa kwa siku? Mnatoka alfajiri na majani chai, mnarudi usiku na abiria wa mwisho. Uziwi wa namna hii hauji siku moja. Unaanza na sauti nyembamba. Simu inalia mfukoni huisikii. Mama nyuma yako anasema "nishushe hapa" wewe unapita, mnaanza kugombana mkidhani ni dharau.

Najua jibu mlilo nalo, kwa sababu hata mimi nililitumia: kelele inaokoa maisha, dereva wa lori atanisikia. Mwaka wa 1981, Harry Hurt na wenzake wa University of Southern California walitoa ripoti ya uchunguzi wao kule Los Angeles, ambako walifika wenyewe kwenye ajali 900 za pikipiki. Waliona kwamba zaidi ya robo tatu ya hatari zilitoka mbele ya mwendeshaji. Ekzosi yako imeelekezwa nyuma. Unayemwamsha ni yule ambaye umeshampita. Anayekuja mbele, amefunga vioo na amewasha redio, anahitaji kukuona: taa ya mbele iwake, jaketi la kuakisi liwe mwilini. Na wewe unahitaji kusikia honi yake, jambo ambalo kwa ekzosi ile huliwezi.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka wa 2009, chini ya sheria ya mazingira, zinakataza kuendesha chombo chenye sauti kubwa isiyo ya kawaida, na zinaweka kikomo cha desibeli 84 wakati wa kuongeza kasi. Kanuni hizo pia zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja hadi saa kumi na mbili asubuhi, na usiku nje ya nyumba za watu kiwango ni desibeli 35 tu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti jukumu la kudhibiti kelele na kero nyingine za umma. Ndiyo maana wananchi wanatuuliza sisi.

Na wanauliza kweli. Mnaifahamu nchi hii ilivyo: tumejenga kwenye vilima vinavyotazamana. Pikipiki moja ikipanda saa tano usiku kuelekea nyumbani, inasikika kilima hiki na kile cha ng'ambo. Mong'ina mmoja aliniambia anajua saa aliyolala kila kijana wa kijiji chake. Alisema huku akicheka, lakini ana shinikizo la damu na halali. Kuna mama aliyejifungua juzi. Kuna watahiniwa wa KCSE wanaosoma kwa taa hadi usiku. Hao wote ni wateja wenu asubuhi.

Nilitaka pia kusema juu ya misafara. Harusi, mazishi, siasa: kijana anapewa mafuta ya shilingi mia mbili tatu akangurume mbele ya gari. Najua hali ya pesa, simlaumu anayekubali. Ila wengi walikata sailensa kwa sababu ya siku moja kama hiyo. Msafara uliisha jioni, ekzosi imebaki imekatwa mwaka wa pili sasa. Na kwenye mazishi, wazee wangu mnaonisikia, mwambieni kijana akizime kile chombo kabla ya lango la wafiwa. Akiambiwa na mimi atasema ni kaunti. Akiambiwa na nyinyi atazima.

Kijana pale ameuliza kama tumekuja na polisi. Hatukuja na polisi. Mama mwenye kitambaa cha kijani ameuliza apeleke wapi malalamiko ya pikipiki inayomsumbua usiku. Anza na mwenyekiti wa steji, kwa sababu anamjua kila mtu wake. Isiposikika hapo, nenda kwa chifu au ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo, na kuna NEMA pia. Andika saa na namba ya usajili, usiandike jina la mtu unayemshuku tu.

Fundi ameuliza swali zuri zaidi: iliyopasuliwa inarekebishika? Kama vyuma vya ndani vilitunzwa, ndiyo, virudishwe kwa mpangilio wake na mshono uzibwe usivuje. Kama vilitupwa, tafuta sailensa nzima ya modeli hiyo hiyo. Usijaze pamba ya chuma na kuomba Mungu. Na kama jeti ilibadilishwa, irudishwe ile ya kiwandani siku hiyo hiyo, la sivyo pikipiki itakunywa petroli na kutoa moshi mweusi.

Wengi wenu najua sailensa ya zamani iko nyumbani, chini ya kitanda au juu ya dari. Mafundi wawili wa hapa Kebirigo wamekubali kuzifunga leo. Mimi nitakuwa hapa stejini hadi saa kumi, na anayetaka nimtazame masikio aje pia, hakuna malipo.