Polima za Tabaka la Mpakani katika Seli za Jua za Kioganiki

1. Utangulizi

Seli ya jua ya kioganiki huzalisha umeme kwa kutumia misombo ya kaboni badala ya silikoni. Tangu C. W. Tang wa kampuni ya Kodak alipochapisha, mwaka 1986, matokeo ya seli ya tabaka mbili yenye ufanisi wa takriban asilimia 1, utafiti umejikita zaidi katika tabaka linalofyonza mwanga, na leo seli ndogo za maabara zimevuka asilimia 19. Mada hii inajenga hoja kwamba mafanikio hayo yanategemea pia tabaka jembamba la polima linalotandazwa kati ya tabaka hilo na elektrodi.

2. Tatizo la mpakani

Mwanga ukishafyonzwa huzaa eksitoni, yaani elektroni na tundu lililoachwa wazi, vikiwa bado vimeshikamana. Vikitengana, elektroni huelekea elektrodi moja na tundu huelekea nyingine. Lakini iwapo nishati inayohitajika kung'oa elektroni kutoka kwenye elektrodi hailingani na ngazi ya nishati ya tabaka la jirani, chaji hukwama mpakani, huungana tena na kupotea kama joto.

3. Polima zinazotumika

Kwa upande wa matundu, PEDOT:PSS, mchanganyiko wa polima mbili unaotandazwa ukiwa ndani ya maji, hutumika sana kwa kuwa hupitisha mwanga na kusawazisha uso wa elektrodi. Kasoro yake ni kwamba una asidi kali inayoila oksidi ya indi na bati, ambayo ndiyo elektrodi angavu ya seli, na hunyonya unyevu.

Kwa upande wa elektroni, PFN ina vikundi vya amini vinavyojipanga juu ya elektrodi na kuunda dipoli, yaani mtengano mdogo wa chaji chanya na hasi, ambao hupunguza nishati ya kung'oa elektroni. Mwaka 2012 watafiti wa Guangzhou, China, waliitumia katika seli yenye mpangilio uliogeuzwa, yaani ambamo elektroni hukusanywa na elektrodi ya chini inayopitisha mwanga, na kupata ufanisi wa asilimia 9.2. Kwa kuwa PFN huyeyuka katika alkoholi, ambayo haiyeyushi tabaka la mwanga, inaweza pia kutandazwa juu ya tabaka la mwanga bila kuliharibu. Hata hivyo haipitishi umeme vizuri, hivyo unene wake hubakizwa karibu na nanomita 10 ili ukinzani usipande.

4. Hitimisho

Polima iliyofaa jana si lazima ifae leo: amini za PEIE, polima nyingine ya upande wa elektroni, hushambulia kifungo maradufu katika molekuli za baadhi ya vipokezi vipya vya elektroni, yaani viambato vya tabaka la mwanga vinavyopokea elektroni, visivyo fulareni (molekuli za kaboni zenye umbo la mpira), na kudhoofisha uwezo wavyo wa kufyonza mwanga. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba polima ya mpakani iteuliwe pamoja na tabaka inalogusana nalo, na ipimwe pia baada ya seli kukaa juani na kwenye joto kwa muda mrefu.