Uwanja wa watoto si njia ya pikipiki

(Maneno ya mhamasishaji wa jamii katika mkutano wa wakazi, Kakuma)



Leo tunazungumza juu ya uwanja wetu. Mwezi uliopita pikipiki iliyokuwa ikikata njia kwenda sokoni ilimgonga mtoto wa miaka sita aliyekuwa akikimbilia mpira. Alivunjika mguu. Tangu siku hiyo watoto wanacheza vichochoroni, na huko nako si salama.

Tusiwachukie waendesha bodaboda. Ni vijana wetu wanaotafuta riziki, na usiku mama akishikwa na uchungu, wao ndio wanaomkimbiza hospitalini. Shida ni pale wanapopita.

Wengine wamependekeza tufunge waya kati ya miti. Ndugu zangu, hapana! Waya hauonekani gizani. Unaweza kumkata dereva shingo, na atakayekufa ni mtoto wa mmoja wetu. Matawi ya mathenge nayo yatawachoma watoto wanaocheza bila viatu.

Wengine wanataka mlango mwembamba. Tupime kwanza. Usukani wa pikipiki nyingi una upana wa sentimita 70 hadi 80, na kiti cha magurudumu hukaribia kipimo hicho. Mlango utakaoizuia pikipiki utamzuia na mlemavu.

Kwa hiyo kamati inapendekeza haya:

1. Tupange mawe makubwa kuzunguka uwanja, tuyapake chokaa yaonekane usiku.

2. Tuache mlango mmoja mpana upande wa shule, na upande wa soko tuufunge kabisa. Pikipiki ikiingia haitakuwa na pa kutokea, basi hakuna faida ya kuingia.

3. Tufukie mashimo ya njia inayozunguka uwanja. Dereva akipata njia nzuri, hatautamani uwanja.

4. Waendesha bodaboda wachague wawili wao waingie kwenye kamati.

Atakayepita uwanjani tusimpige wala tusimnyang'anye pikipiki. Tumweleze kwa utulivu. Akirudia, tumjulishe mwenyekiti wa bloku.

Kazi itaanza Jumamosi saa 1 asubuhi. Mwenye koleo, sururu au karai aje nalo. Waendesha bodaboda nao waje, maana na wao wana watoto na wadogo zao wanaocheza pale.