Maji Yaliyo Juu ya Paa Letu



Hapa Ukambani, wazee wakitaka kusema mtu alizaliwa lini, mara nyingi hawataji mwaka. Wanataja njaa. Kulikuwa na Ngomanisye, ile ya 1898 hadi 1900, iliyoenea kila mahali wakati reli kutoka Mombasa ilipokuwa ikijengwa. Ikaja Yua ya Ndeke, 1961, chakula kilipoangushwa na ndege. Na 1984 tukapata Nikw'a Ngwete, yaani "nakufa nikiwa na pesa mkononi", maana pesa mtu alikuwa nazo lakini mahindi ya kununua hakuna. Mvua ikikosa ndiyo hutuwekea kalenda.

Nyumba nazo zilijengwa kwa kuifikiria hali ya hewa. Ghala la zamani lilisukwa kwa fito, likainuliwa kutoka chini na kuezekwa nyasi, ili unyevu na mchwa visifikie nafaka. Halafu yakaja mabati. Joto lake la saa nane mchana tunalijua sote! Lakini bati lina faida moja ambayo wengi wetu bado hatujaila: linateka maji safi kuliko nyasi.

Hebu tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Nyumba ya mita 5 kwa 8 ni mita mraba 40. Mvua ya milimita 10, na hiyo si kubwa, inaleta lita 400: mitungi 20 ya lita ishirini ishirini. Hata mitungi minne ikipotea, 16 imebaki. Akina mama, hizo ni safari ngapi za mtoni? Lakini tukitembelea vijiji tunaona maji hayo yakichimba korongo mlangoni, na msichana wa nyumba hiyo hiyo yuko mtoni anachimbua mchanga. Jambo hili linatuudhi, tuseme wazi.

Mtasema tangi ni ghali. Ni kweli. Basi lijengwe kwa zamu, kama mwethya unavyochimba matuta, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Asiyefikiwa bado aanze na mfereji wa bati na pipa moja. Kazi iishe kabla ya Oktoba, kwa sababu huku kwetu tunategemea zaidi mvua za vuli. Maji ya kwanza kabisa yaachwe yamwagike, yanaosha vumbi na mavi ya ndege. Na mdomo wa tangi ufunikwe kwa wavu, mbu wasizaliane humo.