Tarafa na Nyumba za Kupanga



Amri ya uhamisho humfikia askari kwa siku moja, lakini chumba cha kulaza watoto wake aweza kukitafuta kwa miezi. Si kila kambi ina nafasi ya familia. Kwa hiyo askari, sawa na mwalimu na mwuguzi, hulazimika kupanga mtaani. Na kodi ikipanda, mshahara wake hubaki pale pale.

Jambo hili lina uzito mkubwa mkoani Gitega. Tangu mwaka 2019 Gitega ndio mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, na mtumishi anayefuata ofisi huhitaji pa kulala. Makebuko, iliyo jirani, haiwezi kujitenga na hali hiyo.

Je, baraza la tarafa lisilo na fedha za kujenga lifanye nini? Mfano tunao Nairobi. Kuanzia mwaka 1975, Halmashauri ya Jiji, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja vipatavyo 6,000 huko Dandora. Haikujenga nyumba nzima. Ilitengeneza barabara, ikaleta maji, ikaweka mabomba ya maji machafu, ikajenga choo na bafu. Mwenye kiwanja akajijengea vyumba, akakaa katika baadhi yake na kupangisha vilivyosalia. Hivyo vyumba viliongezeka. Hata hivyo, viwanja kadhaa viliangukia mikononi mwa wenye fedha walioishi kwingine.

Funzo ni bayana. Mageuzi ya mwaka 2025 yalipunguza tarafa za Burundi kutoka 119 hadi 42. Mabaraza sasa yana maeneo mapana zaidi ya kusimamia. Lakini ardhi yetu ni haba. Yafaa basi baraza lipime sehemu ndogo kando ya barabara, pasipo kumeza mashamba, litangulize maji, ligawe kiwanja kimoja kwa mtu mmoja, kwa sharti la kujenga vyumba katika muda uliowekwa, na kila mgao uandikwe daftarini, wananchi wausome.

Nanyi walinzi wa usalama mna sehemu yenu. Himizeni mapatano ya kupanga yaandikwe. Mgogoro wa kodi huamuliwa na hakimu, wala si na bunduki ya rafiki wa mwenye nyumba.

Baraza lisilopima ardhi leo, kesho litapimiwa na walanguzi.