Paka wa Nyumbani, Tangu Utoto hadi Uzee
Katika kaya za Lalago, mkoani Simiyu, ambako mahindi na mtama huhifadhiwa nyumbani baada ya mavuno, paka hufugwa kwanza kwa ajili ya kuwakabili panya, ingawa mara nyingi huishia kuwa kipenzi cha watoto. Mtoto wa paka huzaliwa akiwa haoni, na hapaswi kutenganishwa na mama yake kabla ya wiki 8. Afikapo miezi 3 hupewa chanjo ya kichaa cha mbwa, yaani ugonjwa wa virusi unaoshambulia ubongo na ambao, licha ya jina lake, humpata paka pia, naye huweza kumwambukiza binadamu kwa kumng'ata au kumkwaruza.

Hatari inayosahaulika mno imo mikononi mwa mfugaji mwenyewe: panya aliyekula sumu anaweza kumuua paka anayemla, na hata kidonge kimoja cha parasetamoli kinatosha kumwangamiza, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunjavunja dawa hiyo. Paka aliyevuka miaka 10 huhesabiwa kuwa mzee; akianza kunywa maji kupita kawaida huku akikonda, huenda figo zake zimedhoofika, na apelekwe mapema kwa mtaalamu wa mifugo.