Chuchumaa Kwanza, Ndipo Uandike Ripoti

Yafuatayo ni maelezo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika na wahisani, katika semina ya bustani za nyumbani iliyofanyika Kariakoo, Dar es Salaam. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa.



Nimepewa nusu saa kueleza maendeleo ya bustani zetu za nyumbani. Najua wengi mmekuja na kalamu mkisubiri idadi: ndoo ngapi zimegawiwa, kaya ngapi zimepanda, miche mingapi imeshika. Idadi hizo zimo katika makabrasha mliyopewa mlangoni, nami sitazisoma. Naomba nitumie muda wangu kueleza habari za ua mmoja tu, upana wake hauzidi mikeka minne, ulioko mitaa michache kutoka hapa tulipoketi. Katika ua huo nilijifunza kwamba ripoti niliyoiandika mwaka 2019 ilikuwa na tarakimu sahihi kabisa, na bado ilikosa jambo kubwa kuliko yote.

Kwa wageni wetu nieleze kidogo. Jina la Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye zikajengwa nyumba za Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua wa kupikia, kufulia na kuanikia. Leo nyingi ya nyumba hizo zimebomolewa na maghorofa yamesimama mahali pake. Zilizobaki zimekaa kama jino moja kinywani. Nyumba ninayoisema ni mojawapo. Ina ghorofa mashariki na ghorofa magharibi, hivyo jua huingia uani saa nne na nusu asubuhi na kuondoka kabla ya saa nane. Mwenye nyumba ni bibi mmoja mjane, ambaye hataki jina lake litajwe, nasi tutamwita Bibi kama wapangaji wake wote wanavyomwita.

Mwanzoni mwa 2019 tulimpatia Bibi ndoo kumi zilizotobolewa chini, mbegu za mchicha, marando ya matembele na mche mmoja wa mndimu. Kwa kuwa wapangaji walilalamika kwamba maji yangechafua sakafu, tuliweka kisahani cha plastiki chini ya kila ndoo. Wazo la visahani lilikuwa langu. Nililiona ni wazo zuri, hata nikaliandika kwenye ripoti kama ubunifu.

Nilitembelea pale mara nne. Kila mara nilisimama wima, nikahesabu ndoo, nikapiga picha, nikanywa chai ya Bibi, nikaondoka. Ripoti ikaenda kwa wahisani Ulaya: ndoo kumi, zote zimeota.

Mtakumbuka masika ya mwaka ule. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengue, na wagonjwa walikuwa maelfu. Ugonjwa wenyewe si mgeni pwani hii. Daktari James Christie, aliyekuwa Zanzibar wakati wa mlipuko wa 1870, aliandika kwamba wenyeji waliuita kidinga pepo, na wako wataalamu wanaodhani jina dengue lilitokana na neno hilo. Mbu anayeuambukiza, Aedes, si yule wa malaria. Huyu huuma mchana, na hapendi madimbwi ya tope. Anapenda maji yaliyotulia katika vyombo vidogo karibu na watu: matairi, makopo, mapipa, vifuu vya nazi. Na visahani.

Aliyegundua ni mjukuu wa Bibi, mtoto wa darasa la tatu. Alikuwa amechuchumaa akitafuta gololi yake iliyobingirika nyuma ya ndoo, akamwita nyanya yake: "Bibi, njoo uone, maji yanacheza!" Visahani sita kati ya kumi vilikuwa na viluwiluwi. Wiki ile ile mpangaji mmoja, kijana mmachinga, alikuwa amelala chumbani na homa, macho yanamuuma, viungo havimbebi, na kipimo kikaonyesha dengue. Siwezi kusema kwamba aliumwa na mbu wa visahani vyetu. Mji mzima ulikuwa na mbu. Lakini pia siwezi kusema kwamba haikuwa hivyo, na nililala na jambo hilo usiku mwingi. Kijana alipona baada ya majuma mawili, akiwa amepoteza mtaji wake wa mitumba kwa kula bila kuuza.

Wapangaji walitaka ndoo zote zitupwe, na mjumbe wa shina akaunga mkono. Nilikwenda kuomba radhi. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, wewe kila ukija husimama. Hebu chuchumaa."

Nikachuchumaa, suruali ya kazini na yote.

Asubuhi ile tulikaa pale karibu saa mbili. Kwanza visahani. Niliona viluwiluwi wananing'inia chini ya uso wa maji, na kivuli cha mkono kikipita wanazama kwa kujinyonganyonga. Nilitaka kuyamwaga maji basi yaishe. Baadaye bwana afya alitueleza kwamba kumwaga peke yake hakutoshi. Mbu huyu hutaga mayai kwenye ukingo wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri maji yarudi. Yakishaanguliwa, kwa joto la Dar es Salaam, siku saba hadi kumi zinatosha kumtoa mbu anayeruka. Kwa hiyo chombo kinasuguliwa kwa brashi, na kinakaguliwa kila wiki bila kuruka hata moja. Visahani tuliviondoa, na ndoo tukazipandisha juu ya matofali, kila moja ikiwa na karai la mchanga chini yake. Kila Jumamosi mjukuu anazunguka na tochi, na pipa la maji la wapangaji naye analifunua. Hiyo ndiyo nyumba pekee ninayoijua ambamo wapangaji wanakaguliwa na mtoto wa shule wala hawalalamiki.

Kazi hiyo si ngeni katika mji wetu. Mwaka 2004 Dar es Salaam ilianza mpango wa kudhibiti malaria mjini katika kata 15, ambamo wakazi wenyewe walipewa mitaa yao waizungukie wakitafuta mazalia ya mbu, na baadaye wakaweka dawa ya bakteria inayoua viluwiluwi. Walikagua mitaro, madimbwi, hata maji yaliyosimama kati ya matuta ya matembele. Kazi yao kubwa ilikuwa kutazama. Walilipwa kwa kutazama, nami naomba wahisani wetu mlishike hilo, maana nitalirudia.

Tulipomaliza visahani, Bibi alinionyesha mengine. Mchicha katika ndoo za ukuta wa kushoto ulikuwa mrefu na mwembamba, umeinamia upande mmoja. Mimi nilikuwa nimeandika "umekua vizuri". Kumbe ulikuwa unalitafuta jua. Ukuta wa kulia, penye jua la saa tatu unusu, mchicha ulikuwa mfupi na mnene, tayari kung'olewa baada ya wiki nne. Alizihamisha ndoo, basi. Katika ndoo mbili nyingine majani yalikuwa yameungua pembezoni na juu ya udongo kulikuwa na ukungu mweupe. Ilikuwa ni chumvi. Siku ambazo bomba halitoi, mpangaji mmoja alisaidia kumwagilia kwa maji ya kisima, na visima vingi vya pwani yetu vina chumvi. Bibi akaanza kuweka akiba ya maji aliyooshea mchele. Hakuna mbegu mpya iliyonunuliwa wala semina iliyofanyika.

Sasa niwaeleze habari za mndimu, maana hapa tuligombana. Mche ule ulipochipua majani mapya ya masika, laini, yenye kung'aa, siku chache baadaye yalionekana yametobolewa. Juu ya majani kulikuwa na vitu kama mavi ya ndege. Mjumbe mmoja wa kamati, ambaye yupo hapa na amenipa ruhusa ya kumsema, alifika na bomba la dawa. Bibi akamzuia. Alikuwa amekwisha kuona kwamba yale mavi yanatembea.

Walikuwa viwavi wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano anayependa jamii ya michungwa. Kiwavi akiwa mdogo hujifanya kinyesi cha ndege ili ndege asimle. Akikua anageuka kijani kama jani lenyewe. Mjukuu alimgusa mmoja kwa kijiti, na nyuma ya kichwa zikachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali ikatoka. Mtoto alikimbia, akarudi, akagusa tena. Bibi aliwatoa viwavi kwa mkono akabakiza watatu kwenye tawi la chini, akasema mche unaweza kuwalisha hao. Mmoja alitoweka. Wawili walijifunga kwenye kijiti, wakakaa kimya, na baada ya majuma mawili hivi walitoka vipepeo, mmoja asubuhi ya Jumapili wakati watu wanavaa kwenda ibadani. Wapangaji sita walichelewa kanisani. Mndimu ulichipua tena na uko hai mpaka leo.

Ndugu yangu wa bomba la dawa alikuwa na hoja, wala simcheki. Kwenye shamba la ekari mbili la michungwa huwezi kubembeleza viwavi. Lakini uani, ndoo ya mchicha iko hatua moja kutoka kwenye mndimu, na mchicha huo watoto wataula keshokutwa. Vidukari walipoingia kwenye kunde tulisubiri pia, siku nne, kwa mashaka makubwa upande wangu. Siku ya tano tuliona wadudu wadogo wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, wakiwala vidukari mmoja mmoja. Vunjajungu naye alikuja. Mjusi kafiri, ambaye sijui alikosa nini hata akapewa jina hilo, alihamia kwenye ukuta wa ndoo, na kila jioni anakula anachokula. Si kila mara inakwenda hivyo. Mwaka 2022 vidukari walishinda na kunde zote zikang'olewa, na hilo nalo liliandikwa.

Kitu kimoja hatukukiona kwa muda mrefu, nacho ni ndege wadogo. Kariakoo ni mji wa kunguru. Huyu mwenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili ale takataka, akavuka kuja bara, akastawi kwa uchafu wetu. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine. Serikali na wadau wamejaribu mitego na sumu kwa nyakati mbalimbali, lakini palipo na jalala wazi anarudi. Bibi alikuwa amepanda mlonge kwenye pipa lililokatwa, na ulipotoa maua alfajiri moja alinipigia simu kabla sijaamka. Nilidhani kuna msiba. Akaninong'oneza: "Kuna chozi kwenye mlonge. Usije, utamfukuza. Nimekupigia uandike tu." Ndege yule mwenye mdomo mrefu uliopinda alinyonya maua kwa dakika chache, kunguru wakalia juu ya ghorofa, akaondoka. Tangu hapo ameonekana mara tano. Zote zimo daftarini.

Daftari lenyewe ni la mazoezi, la mjukuu. Nimeomba nisome mistari michache: "Jumamosi. Pipa la Baba Asha halikufunikwa. Viluwiluwi wapo. Limesuguliwa." "Matembele yamechipua macho matatu, rando la mwisho limeoza." "Leo hakuna kitu. Nimekaa sana." Wajumbe wenzangu, nimesoma ripoti nyingi katika kazi hii, zangu zikiwamo, na sikumbuki hata moja iliyothubutu kuandika kwamba leo hakuna kitu.

Mhisani mmoja ameniuliza, kwa haki kabisa, kwa nini bajeti mpya ina fungu la nauli na posho ndogo za watu wa kutazama bustani, wakati fedha hizo zingenunua ndoo zaidi. Nimemjibu kwamba ndoo kumi za kwanza zilinunuliwa bila fungu hilo. Bado hajanijibu, na kamati ya fedha itakaa Alhamisi.

Fomu mpya ziko mezani kwa katibu. Safu ya idadi ya ndoo imebaki, ila imesogezwa mwisho. Safu ya kwanza inauliza mmeona nini wiki hii, na nafasi yake ni nusu ukurasa. Wanaotaka kufika kwa Bibi tutaondoka saa nne kamili, kabla jua halijaingia uani. Tafadhali vaeni nguo ambazo hamtaogopa kuchuchumaa nazo.