Tuikague Kamera Kabla ya Kuilipia

(Hotuba ya mwanachama katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wanachama wenzangu, nanyi vijana wa Chama cha Picha:

Mkutano umekwisha kubali kwamba sehemu ya mchango wetu wa mwaka huu itumike kuwanunulia vijana hawa kamera moja ya filamu namba 120. Itakuwa kamera iliyotumika, maana mpya za namna hiyo ni chache na ghali. Nimeombwa nieleze namna ya kuinunua. Shauri langu ni hili: tusinunue jina, tununue chombo kinachofanya kazi, tena tusimalizie fedha zote kwenye chombo hicho.

Filamu namba 120 ilitolewa na kampuni ya Kodak mwaka 1901, na hadi leo inatengenezwa. Picha ya mraba inayopigwa juu yake ina kiasi cha milimita 56 kila upande, hali picha ya filamu ndogo ya milimita 35, ambayo wengi wetu tuliizoea, ni milimita 24 kwa 36. Vijana wa hesabu wataona kwamba ile kubwa inaizidi ndogo kwa eneo zaidi ya mara tatu na nusu. Kwa hiyo picha yake hukuzwa sana bila kupoteza usafi. Lakini mkanda mmoja hutoa picha 12 tu za mraba. Kijana aliyezoea kupiga picha hamsini kwa simu atalazimika kutazama, kupima mwanga na kufikiri kabla ya kubonyeza. Mimi naona faida kubwa kwa shule iko hapo.

Baadhi ya wanachama wamependekeza Hasselblad, kwa kuwa ndiyo iliyokwenda mwezini na Apollo 11 mwaka 1969. Ni kweli, wala sina neno baya juu yake. Lakini kamera hiyo ni ya vipande: mwili, lenzi, na kisanduku cha filamu. Kila kipande huchakaa kivyake, na kila kimoja kina gharama yake ya matengenezo. Kwa anayeanza, yafaa ile ya lenzi mbili: ya juu ya kutazamia, ya chini ya kupigia picha. Rolleiflex ya Ujerumani ilianza hivyo mwaka 1929. Malick Sidibé wa Bamako, aliyepewa Tuzo ya Hasselblad mwaka 2003, alipiga picha nyingi za studio yake kwa filamu ya mraba kama hii. Wajapani nao walitoa Yashica Mat-124G mwaka 1970. Bei yake aghalabu ni ndogo kuliko ya Rolleiflex, na kwa mwanafunzi inatosha kabisa.

Sasa nije kwenye ukaguzi. Katika utumishi wa serikali mali haipokelewi kwa maneno ya muuzaji. Sanduku hufunguliwa, vitu huhesabiwa na kujaribiwa, ndipo watu hutia sahihi. Na tufanye vivyo hivyo.

La kwanza ni shata, yaani kile kifungio kinachofunguka na kufunga ndani ya lenzi ili kupitisha mwanga. Fungua mgongo wa kamera isiyo na filamu, weka sekunde moja, bonyeza, huku ukitazama saa. Halafu nusu sekunde, kisha robo. Mafuta ya zamani yakiganda, mwendo wa polepole ndio huharibika kwanza. Muuzaji akikuonyesha mwendo wa kasi tu, mwombe wa polepole.

La pili ni lenzi. Acha shata wazi, mulika tochi upande mmoja, tazama upande wa pili. Vumbi kidogo halidhuru. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, nayo hupenda unyevu. Kamera iliyokaa miaka mingi kabatini pwani, iwe Tanga au Mombasa, itazamwe mara mbili. Nasi tukiipata, tuihifadhi mahali pakavu.

La tatu, zungusha kirungu cha kusogezea lenzi. Kiende laini mwanzo hadi mwisho, na taswira kwenye kioo cha juu iwe kali mahali unapokusudia. La nne, tazama sponji nyeusi za mlango wa nyuma. Zikigeuka lami, mwanga utapenya na filamu itaungua. Kasoro hii hutengenezeka kwa gharama ndogo, kwa hiyo ni sababu ya kupunguziwa bei, si ya kukimbia.

La tano ni mita ya mwanga. Ile ya Yashica niliyoitaja iliundiwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haitengenezwi tena. Basi mita iliyokufa isitufanye tuikatae kamera nzima, wala iliyo hai isituongezee bei. Vijana wanaweza kupima kwa simu, au kwa kanuni ya zamani: katika jua kali, weka kitundu cha lenzi kwenye 16, na shata ikaribiane na namba ya filamu. Filamu ya 100, shata 1 kwa 125. Mtu akiwa kivulini chini ya mwembe, fungua kitundu zaidi, ama sivyo uso wake utapotea.

Tukinunua kutoka nje, neno "haijajaribiwa" tulisome kama "huenda ni mbovu". Tudai picha za lenzi iliyomulikwa na haki ya kurudisha, na tuhesabu nauli na ushuru wa forodha kabla ya kusema bei ni nafuu.

Mwisho ni fedha. Napendekeza kamera isizidi nusu ya fungu. Nusu ya pili iwe ya fundi, filamu, tangi la kusafishia na dawa. Tuanze na filamu nyeusi na nyeupe, kwa kuwa husafishwa hapa hapa shuleni: filamu huingizwa tangini ndani ya mfuko wa giza, na kazi iliyobaki hufanyika mezani, mwangani. Dawa nyingi hupimwa kwa joto la nyuzi 20; maji ya bomba yakizidi hapo, barafu kidogo itasaidia. Tukitumia fedha zote kununua kamera yenye jina, vijana watapiga mikanda miwili, kisha kamera itafungiwa kabatini na kuota ile kuvu niliyoisema.

Nanyi vijana, kila mkanda uandikwe daftarini: tarehe, mahali, na majina kamili ya waliomo, wapishi na walinzi pamoja nao. Picha isiyo na majina, baada ya miaka thelathini, hakuna atakayeweza kuieleza.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano uamue juu ya hiyo nusu kwa nusu leo, kabla hatujatawanyika.